Ukinunua nyumba ndogo, hesabu ya chumba cha kuongeza ipigwe kabla hujamlipa mtu

Hapa Dar siku hizi wengi tunaenda hivi, hela ya nyumba ya vyumba vitatu haipo kwa hiyo mtu anatafuta ya viwili huko Chanika, Kivule au Mbagala ndani ndani, anajiambia cha tatu nitaongeza mbele ya safari. Mimi naunga mkono kabisa. Bora hiyo kuliko kupanga miaka yote, au kujifunga na mkopo wa benki wa riba ya asilimia 15 na zaidi kwa ajili ya vyumba ambavyo watoto bado hawajavihitaji. Ila hiyo "mbele ya safari" ndo inaumiza watu. Kwa maoni yangu bei ya nyumba ndogo ni ile anayotaja dalali jumlisha gharama ya hicho chumba, na ukijumlisha ukakuta imefika bei ya nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa pili, nunua hiyo ya vitatu.

Kinachotudanganya ni tofali. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 na nusu, unakibandika ubavuni mwa nyumba kwa hiyo unajenga kuta tatu tu, mita 11 za ukuta kwa kimo cha mita 3, toa mlango na dirisha unabaki na mita za mraba 30 hivi. Tofali zinaingia kama 10 kwa kila mita ya mraba, ni 300, weka 100 za msingi na 20 za kuvunjika, jumla 420. Hata ukinunua moja 1,300 ni 546,000. Sasa mtu akiona laki tano na nusu anajua chumba hiki ni cha mshahara wa miezi miwili mitatu, anatoa akiba yote anampa muuzaji wa nyumba, af boma, yaani kuta tupu bila paa, linakaa pale nyuma ya nyumba mpaka majani yanaota ndani.

Hela inaliwa na paa jamani. Watu wanafikiri unavuta tu bati la zamani lishuke kufunika chumba kipya, lakini piga hesabu, paa lenye mteremko wa nyuzi 15 likiendelea mita 3 na nusu linashuka karibu mita nzima, yaani ukuta wa mwisho unabaki mita 2 na kitu na hapo hujaweka dari. Hicho kinakuwa stoo, siyo chumba cha mtoto kulala na joto hili. Kwa hiyo unafumua upande mzima, kenchi mpya (fremu za mbao zinazobeba paa), mbao, bati ambazo rangi yake haitafanana na za zamani, na pale paa jipya linapokutana na la zamani ndipo maji yatapoingilia kama fundi amelipua kazi.

Halafu kuna vitu havionekani siku ya kuoneshwa nyumba. Nyumba nyingi za huku shimo la choo na chemba (vishimo vya kukagulia bomba la majitaka) viko nyuma au ubavuni, palepale unapotaka kuongeza, na kuhamisha shimo ni kuchimba upya na kujenga upya. Dirisha la chumba cha zamani nalo linazibwa na chumba kipya, lazima ujue hewa itapita wapi. Angalia bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, ziko wapi, maana ukuta wa jirani siyo mpaka. Na kibali cha ujenzi kinatakiwa hata kwa kuongeza, nacho kinataka mchoro, na mchoro unalipiwa.

Ndo maana nasema nenda na fundi wako siku ya pili ya kuangalia nyumba, siyo fundi aliyeletwa na dalali, mlipe siku yake na nauli, mwambie akuandikie kila kitu kuanzia msingi mpaka plasta na waya za umeme. Hela yenyewe itenge akaunti nyingine kabla hujasaini, na iwe na nyongeza, mimi ningeweka robo nzima, kwa sababu tuliona mwishoni mwa 2020 mfuko wa simenti uliokuwa elfu 14 hivi ukaruka mpaka 20 na zaidi ndani ya muda mfupi na waliokuwa katikati ya ujenzi wakasimama hapohapo.

Hiyo karatasi ya fundi ina kazi nyingine pia. Iweke mezani mbele ya muuzaji, muoneshe kwamba shimo lake la choo linakulazimisha kuchimba jingine, na kiasi hicho umuombe akitoe kwenye bei. Wengi watapunguza hata kama siyo chote, kwa sababu mnunuzi mwenye hela taslimu anayejua anachoongea hapatikani kila wiki.