Berlin bila geti: mlango ulio wazi unamgharimu nani?

Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa BER, uliofunguliwa Oktoba 2020 nje kidogo ya mpaka wa kusini wa Berlin, hushuka ngazi hadi jukwaa la treni bila kuzuiwa na mtu wala chuma. Hakuna geti. Treni inafika, milango inafunguka, watu wanaingia. Aliyezoea geti za mwendokasi Dar es Salaam atadhani nauli inakusanywa ndani, kama ilivyo kwa konda wa daladala. Sivyo. Nauli inatakiwa iwe imeshalipwa, na huyo anayepita kwenye behewa hauzi tiketi. Ni mkaguzi, mara nyingi kavaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na asiye na tiketi halali anatozwa euro 60.

Utaratibu huu una watetezi, na kwa sehemu kubwa nami nimo. Treni ya chini ya ardhi ya Berlin ilianza mwaka 1902, na vituo vingi vya zamani vilichimbwa karibu sana na uso wa barabara. Unashuka ngazi chache kutoka mtaani, umefika jukwaani. Hapo katikati hakuna hata ukumbi wa kusimika geti. Isitoshe, tiketi moja inatumika kwenye U-Bahn (hiyo treni ya chini ya ardhi), S-Bahn (treni ya mjini na vitongojini), tramu na basi kwa saa mbili, mradi usirudi ulikotoka. Ukifunga njia ya treni, tramu inayosimama katikati ya barabara utaifungaje? Na kuna faida ambayo haionekani kwenye hesabu za fedha: mama mwenye kigari cha mtoto, mzee wa mkongojo, mwenye kiti cha magurudumu, hakuna geti la kuwazuia, wala haja ya kutafuta mlango wa pembeni au kumwita mlinzi. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye foleni kwa sababu mashine ya geti imegoma anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini mlango ulio wazi unamtaka anayeingia ajue mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Chukua Mtanzania anayetaka kwenda kuiona Lucy-Lameck-Straße huko wilaya ya Neukölln, mtaa uliopewa mwaka 2021 jina la mwanasiasa wetu Lucy Lameck, baada ya kuondolewa jina la Wissmann, yule aliyeongoza majeshi ya Kijerumani dhidi ya Abushiri. Jiji na viunga vyake vimegawanywa katika kanda za nauli A, B na C. Neukölln iko ndani ya AB, ila uwanja wa ndege uko C. Mwaka 2025 tiketi ya AB ilikuwa euro 3.80 na ya ABC euro 4.70. Akinunua ya AB kwa kuwa ndiyo aliyosikia ikitajwa zaidi, amelipa na bado ana kosa. Akinunua ya ABC ya karatasi ambayo haijagongwa muhuri, kisha asiitie kwenye kisanduku kidogo cha kugongea kabla ya kupanda, pia ana kosa. Tiketi iko mkononi, fedha imetoka mfukoni, na faini ni ileile ya mtu ambaye hakulipa hata senti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi wenzangu wanaosema mfumo huu umejengwa juu ya uaminifu. Fanya hesabu. Kwa bei hizo za 2025, euro 60 ni sawa na safari zipatazo kumi na sita za AB. Mkwepaji mzoefu anayenaswa chini ya mara moja katika kila safari kumi na sita hapati hasara, na yeye anajua pa kukaa na wakati wa kushuka. Anayenaswa kirahisi ni mgeni, aliyekaa ametulia akijua amelipa.

Maskini naye ana lake, tena zito zaidi. Kukwepa nauli Ujerumani ni kosa la jinai kwa kifungu cha 265a cha sheria ya jinai, kilichoingizwa mwaka 1935, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Hata aliyehukumiwa kulipa faini tu, akishindwa kuilipa, anaweza kuishia gerezani. Huko Berlin, Plötzensee ni gereza linalojulikana kwa wafungwa wa aina hiyo. Tangu mwishoni mwa 2021 mfuko wa hisani uitwao Freiheitsfonds umekuwa ukiwalipia ili watoke. Wakati huohuo tiketi ya mwezi ya wenye kipato cha chini Berlin ilipanda mwaka 2025 kutoka euro 9 hadi 19.

Wanaotaka kifungu hicho kibaki wana hoja: bila hofu ya mahakama, anayekwepa kila siku ataona faini ni karatasi tu, na mzigo utawaangukia wanaolipa. Siidharau hoja hiyo, kwa sababu mabasi na treni hazijiendeshi. Ila deni la nauli lidaiwe kama madeni mengine. Kumfunga mtu kwa tiketi ya euro nne kunaigharimu serikali chakula, malazi na askari kwa kila siku anayokaa ndani. Mwaka 2023 baraza la jiji la Köln liliamua kampuni yake ya usafiri iache kuwashtaki abiria kama hao kwa kosa la jinai, na madai ya faini yakabaki palepale.

Nisingeweka geti Berlin. Ningeanza na mashine za BER: kwa anayetoka hapo kwenda mjini, tiketi ya kwanza kwenye kioo iwe ABC, nayo itoke ikiwa imeshagongwa. Na mkaguzi akimkuta mtu ana tiketi sahihi aliyosahau kuigonga, amwonyeshe kisanduku kilipo, aigonge, aendelee na safari yake.