Magereza ya Texas: nidhamu iliyoshikiliwa na manyapara

Huko Marekani wapo ambao hadi leo wanayasifia magereza ya jimbo la Texas ya miaka ya 1960, na hoja zao si za kupuuzwa. Chini ya George Beto, mkurugenzi kuanzia 1962 hadi 1972, wafungwa walilima pamba, walifuga, wakashona hata nguo zao wenyewe. Beto, mchungaji wa Kilutheri, alikuwa na kawaida ya kutokea magerezani alfajiri bila taarifa na kukagua kwa miguu, mpaka akabatizwa "Walking George". Bodi ya watu 9 walioteuliwa na gavana ilimwachia afanye atakavyo. Mwenyekiti wake, mfanyabiashara H. H. Coffield, alikalia kiti hicho zaidi ya miaka 20. Wabunge nao waliridhika, maana magereza hayakula fedha nyingi. Nani angehoji?

Aliyehoji ni mfungwa. Mwaka 1972 David Ruiz aliandika malalamiko yake kwa mkono na kuyafikisha mahakama ya shirikisho, mbele ya Jaji William Wayne Justice. Kesi ilipoanza kusikilizwa 1978 ilichukua siku 159, ikaita mashahidi 349, na siri ya ule unafuu ikaanikwa. Askari mmoja alikuwa akisimamia wafungwa wapatao 12. Pengo lilizibwa na manyapara: wafungwa wababe waliochaguliwa na uongozi wenyewe, wakahesabu wenzao, wakafungua na kufunga milango, wakatembea na marungu na visu huku askari wakiwafumbia macho. Mfungwa mkaidi alishughulikiwa na nyapara usiku, na asubuhi hakuna ofisa aliyekuwa na la kujibu. Bunge la jimbo lilikwisha piga marufuku mfungwa kumtawala mfungwa tangu 1973. Sheria ikabaki kwenye makaratasi.

Desemba 1980 jaji aliamua kwamba hali hiyo inavunja katiba, na baadaye jimbo likakubali kuwaondoa manyapara. Hapa ndipo watetezi wa mfumo wa zamani wanaposhika turufu yao: katika 1984 na 1985 wafungwa 52 waliuawa na wenzao, magenge yakitawala korido. Jaji wa mbali, wanasema, alibomoa nyumba asiyoijua.

Hoja hiyo naikubali nusu. Ni kweli amri zilimiminika kwa pamoja, kuhusu matibabu, msongamano, adhabu na mengineyo, na askari waliozoea kuletewa habari na manyapara wakajikuta gizani. Lakini jimbo lilitumia miaka kupinga hukumu badala ya kuajiri na kufundisha askari, ilhali lilijua manyapara wataondoka. Magenge yalikalia kiti kilichoachwa wazi. Halafu hesabu ya "amani" ya zamani ina kasoro nyingine: kipigo cha nyapara hakikuandikwa popote, kwa hiyo sioni tunawezaje kulinganisha miaka hiyo miwili na ile ya Beto kana kwamba daftari ni moja.

Kesi ilifungwa 2002, miaka 30 baada ya Ruiz kushika kalamu. Idara ya magereza ilikwisha undwa upya mwaka 1989, lakini bodi bado ni ya watu 9 wanaoteuliwa na gavana, na wafungwa wengi wa Texas wangali wanafanya kazi bila malipo.