Siku Pambizo Zangu Zilipotangazwa kwa Kipaza Sauti

Kwa kuwa shoga yangu wa Mombasa amekwisha kuisambaza habari hii kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita na ushei, na kwa kuwa watu watatu wamenipigia simu tangu asubuhi kuuliza kama ni kweli nilitoka maktabani mbio na kiatu kimoja, naona afadhali niieleze mwenyewe, tena kwa maandishi, ili angalau aibu yangu iwe na sarufi. Sikukimbia, na viatu vyangu vyote viwili vilikuwa miguuni muda wote. Mengine aliyoyasema, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Mnaonifuata hapa mnakijua kikundi chetu cha kusoma, maana nimewachosha nacho kwa muda mrefu. Tunakutana mara moja kwa mwezi katika chumba cha nyuma cha maktaba moja hapa Coventry, watu tisa, na tunasoma *Middlemarch* ya George Eliot, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Ann Evans na ambaye aliishi katika mji huu huu alipokuwa msichana. Wenyeji wengi huamini kwamba Middlemarch ya kitabuni ndiyo Coventry yao, kwa hiyo kuisoma mahali hapa ni kama kusoma barua ya jirani huku ukihofia kujikuta umetajwa. Riwaya ina sura 86, bila kuhesabu utangulizi na hitimisho, na ilipotoka mara ya kwanza, kuanzia Desemba 1871 hadi Desemba 1872, iligawanywa katika vitabu vinane vilivyouzwa kimoja kimoja kwa shilingi tano. Sisi tukaamua kuisoma kama walivyoisoma wale wa mwanzo, kitabu kimoja kimoja, ila sisi kila mwezi kitabu chake. Tulipofika mwisho, Mwenyekiti wetu alifuta miwani yake taratibu na kutamka kwamba mtu aliyeisoma mara moja tu hajaisoma, nasi tukarudi ukurasa wa kwanza kama watoto waliorudishwa darasa.

Nina tabia ya kuandika pambizoni. Duru ya kwanza niliandika kwa wino wa buluu na ya pili kwa wino mwekundu, na yote niliyaandika kwa Kiswahili, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo niliyowaambia wenzangu, ni kwamba mtu hufikiri vizuri zaidi kwa lugha aliyonyonya nayo. Ya pili ni kwamba katika watu tisa wale hakuna anayekisoma Kiswahili isipokuwa mimi na shoga yangu, na pambizo zangu hazikuwa zote za kitaaluma. Kuna riwaya ambazo huwezi kuzisoma bila kuwaona watu unaowajua wakiingia na kutoka, na hii ni mmojawapo wa mabingwa wa hila hiyo. Mimi, badala ya kuwaona na kunyamaza, nilikuwa nawaandika.

Sasa nieleze habari ya sura ya 51, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa chochote. Katika sura ya 48 Bwana Casaubon, yule msomi mkavu aliyeutumia uhai wake kuandaa kitabu kisichokwisha, anafariki. Katika sura ya 50 mjane wake, Dorothea, anagundua kwamba marehemu ameongeza kifungu katika wosia: akiolewa na Will Ladislaw, mali yote inampita. Nawaulizeni nyinyi mliolelewa na tamthilia za jioni: mtu akikuachia hapo, kisha akakufungulia sura inayoanza na habari za kuvunjwa kwa Bunge na uchaguzi unaokuja, utafanya nini? Dorothea na Ladislaw hawaonani tena hadi sura ya 54. Nikaruka. Niliandika pambizoni, kwa buluu, "Siasa. Nimeiruka," nikaenda zangu.

Kwenye kikao cha mwezi ule Mwenyekiti akazungusha macho mezani na kuniuliza mimi, mimi niliyetoka mahali ambapo uchaguzi ni jambo kubwa, nimeionaje hotuba ya Bwana Brooke katika sura ya 51. Nilichojua ni kwamba Brooke, ami yake Dorothea, alikuwa anagombea ubunge na amenunua gazeti la kumsaidia. Nikavuta pumzi, nikafungua ghala la kumbukumbu zangu za Tanga: magari yenye vipaza sauti, vumbi, khanga na kofia zinazogawiwa. Nikamalizia kwa kusema kwamba kilichonigusa zaidi ni jinsi mzee yule alivyowateka wasikilizaji wake, jinsi walivyoyapokea maneno yake, na jinsi alivyoshuka pale akiwa mtu mwingine kabisa. Walicheka hadi mmoja akatoa leso. Sikujua wanacheka nini, lakini mtu akichekewa kwa upendo hahoji. Nami nikacheka, tena nikatikisa kichwa kama mtu aliyekusudia. Tangu siku ile nikawa na sifa ya mwanamke wa kejeli kavu.

Ndiyo maana duru ya pili ilipokaribia kitabu cha tano waliniomba, kwa kauli moja, nifungue mimi mjadala wa sura ya 51, na niseme kama nilivyosema mwaka jana. Mwezi ule nilikuwa na zamu za usiku mfululizo kwenye kituo cha kulea wazee ninakofanya kazi. Mengine mnaweza kuyakisia. Nilifika ukurasa ule saa tisa usiku, macho yakigoma, nikachukua kalamu nyekundu.

Alhamisi, basi. Chai imemiminwa. Mwenyekiti amesahau nakala yake nyumbani na anaomba ya kuazima, nami, kwa kiburi kilichostahili kila kilichofuata, namsogezea yangu, kwa sababu napenda watu wauone wingi wa wino ulioko humo. Anaifungua. Anasema, "Lo, tazameni kazi hii!" na kuipitisha mezani. Kijana mwanafunzi aliyejiunga nasi mwaka huu, kijana mwema asiye na hatia yoyote, anasema kwamba simu yake ina programu ya kutafsiri: unaielekeza kwenye mwandiko, inasoma, kisha inatamka kwa Kiingereza. Nikasema hayana maana, ni vijineno tu. Wakaona ni unyenyekevu. Nikasema kwamba mashine haiwezi kusoma mwandiko. Hapo nilimsahau marehemu mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyenifundisha kuandika herufi za duara zinazosomeka hata kutoka ng'ambo ya barabara. Na kwa kuwa Mzee wa Reli hasikii vizuri, kijana akaiunganisha simu na kipaza sauti cha chumba.

Mzee wa Reli ni jina nililompa mimi, si mwingine. Alifanya kazi ya reli hadi kustaafu, huongea kwa nadra, na sura anayoipenda kuliko zote ni ya 56, ile ambayo vibarua wa shamba wanawafukuza wapimaji wa njia ya reli kwa uma za kupindulia majani makavu. Ana desturi ya kuchovya biskuti katika chai na kuinyonya kabla ya kuila.

Kijana akafungua sura ya 5, pale Celia anapomlalamikia dada yake Dorothea kwamba Casaubon hukwangua kijiko anapokunywa supu. Nilikuwa nimeandika: "Mzee wa Reli na biskuti zake! Chwaa, chwaa." Simu ikanyamaza kidogo, kama shahidi anayetafakari kiapo. Kisha sauti ya kike, iliyo tulivu, ya aina ile inayotangaza kwamba treni imechelewa, ikajaza chumba kizima kwa Kiingereza: mzee wa reli na biskuti zake. Ikatua. Halafu, kwa kuwa haikupata tafsiri, ikatamka kama ilivyo, kwa ufasaha wa kutisha: chwaa, chwaa.

Mzee wa Reli alikuwa na biskuti mkononi, nusu yake ikiwa ndani ya kikombe. Sote tuliitazama. Hakuitoa, na mimi nikawa naiomba kimoyomoyo isikatike, kana kwamba heshima yangu yote imening'inizwa kwenye unga ule ulioloa. Ikakatika. Ilitoa mlio mdogo sana ilipozama.

"Labda tuendelee," akasema Mwenyekiti kwa huruma, na kwa huruma hiyo hiyo akafungua mwenyewe ukurasa uliofuata, sura ya 6, anapoingia Bibi Cadwallader, mke wa kasisi, ambaye ana ulimi wa wembe na hupigania bei ya kuku. Hapo nilikuwa nimeandika maneno mawili tu: "Mwenyekiti mtupu." Nyinyi mnaelewa, tunasema mtoto huyu ni baba mtupu, yaani wamefanana kama shilingi kwa shilingi. Mashine haikulelewa Tanga. Ikatangaza, kwa sauti ile ile ya kituo cha treni, kwamba Mwenyekiti yuko uchi.

Naomba hapa nimtaje shoga yangu, kwa kuwa ujumbe wake wa sauti umelipita jambo hili kimyakimya. Alikuwa amekaa jirani na kitabu. Anasoma Kiswahili. Aliona kila kitu sekunde tatu kabla ya mashine kukisema, na mbele yake palikuwa na birika zima la chai ambalo mtu mwenye imani angeweza kulimwaga kwa bahati mbaya. Alichofanya ni kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake huku mabega yakimcheza.

Nilisimama kuchukua kitabu. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono, ndipo kijana, akitaka kuniokoa, masikini, akasema kwamba basi tuachane na hayo ya mwanzo, twende moja kwa moja kwenye sura ya leo, sura ambayo dada huyu anaipenda kuliko sote. Karatasi zikapeperuka. Niliuona wino mwekundu kwa mbali. Shoga yangu aliuona kwa karibu, na kwa mara ya kwanza jioni ile aliacha kucheka na kunitazama kama mtu anayetazama jeneza linalopita.

Simu ilianza na buluu: siasa, nimeiruka. Watu wakatabasamu, kwani wengi wetu tumeruka kitu fulani mahali fulani. Halafu ikashuka kwenye nyekundu na kusoma bila haraka, ikiweka kituo penye kila kituo, maana mama yangu alinifundisha na vituo pia: "Nimeiruka tena. Sema yale yale ya mwaka jana. Walicheka sana, sijui kwa nini."

Nimewahi kukaa kwenye misiba iliyokuwa na kelele kuliko ukimya ule. Niliwaona, mmoja baada ya mwingine, wakirudi nyuma kichwani hadi mwaka jana, wakinisikia upya nikisema kwamba mzee alivyowateka wasikilizaji ndicho kilichonigusa, na wakielewa kwamba haikuwa kejeli. Mwanamke mmoja alisema "Aa" polepole, kama mtu aliyepata jibu la fumbo la gazetini. Kisha kicheko kikalipuka, na kilikuwa kikubwa mara mbili kuliko kile cha kwanza.

Yaliyofuata ni mafupi. Niliomba radhi kwa kila mtu, nikamweleza Mwenyekiti kwamba ana nguo, nikaelezea "mtupu" kwa mifano mitatu, kijana akaniomba radhi mara tano, na kikao kikaahirishwa. Mlangoni Mzee wa Reli, ambaye hakuwa amesema neno, akanipa nakala yake na kuchukua yangu. "Chako kina kelele," akasema. "Soma hicho."

Nikaisoma sura ya 51 kwenye basi. Bwana Brooke amekunywa gilasi ya pili ya mvinyo harakaharaka, anasimama roshanini, anaanza vizuri, kisha maneno yanaanza kumtoroka: anataja mashine, anaelekea Baltiki, hajui atatokea wapi. Hapo, mbele yake, katikati ya umati, inainuliwa sanamu ya kitambaa iliyochorwa mfano wake, na kizibao chake na kioo chake cha jicho, na sauti kama ya kasuku inaanza kumrudishia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, watu wakivunjika mbavu. Halafu yanarushwa mayai. Huyo ndiye niliyesema kwamba aliwateka wasikilizaji wake. Nilijifunika uso kwa kitabu hadi nikapitiliza vituo viwili.

Nilipokiondoa usoni ndipo nilipoona kwamba Mzee wa Reli naye huandika pambizoni, kwa penseli, herufi ndogo sana. Kando ya mstari ambapo Brooke anaanza hotuba yake kulikuwa na tarehe ya kikao chetu cha mwaka jana, na chini ya tarehe, jina langu. Amelikosea herufi moja, na sidhani kama mwezi ujao nitakuwa na uso wa kumsahihisha.