Una deni? Omba kibali, na uliandike

Wakenya wenzangu waliopata uraia wa Marekani, hasa huku Maryland na Virginia ambako kandarasi za serikali ziko tele, huniuliza swali moja: nikiwa na deni, kuna haja ya kuomba kazi inayodai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya serikali ya Marekani ya kushika siri zake? Nawajibu waombe. Deni peke yake haliwaangushi watu wetu. Kinachowaangusha ni mazoea ya kulificha, na mazoea hayo tulitoka nayo nyumbani.

Kenya tulipotafuta kazi ya umma tulibeba bahasha ya vyeti: KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (maadili na kupambana na ufisadi), cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi), na cha CRB, wanaotunza rekodi za wakopaji. Ukishaorodheshwa CRB kuwa hulipi, hakuna aliyeuliza ulikwama vipi. Mhitimu amekaa bila ajira tangu atoke chuoni, mkopo wa HELB unazaa faini, halafu anadaiwa vyeti ili apate kazi ambayo ndiyo ingelipa mkopo wenyewe. Jambo hili linaniuma sana. Mpaka Benki Kuu ilipoingilia kati Aprili 2020 na kuzuia madeni yasiyofika shilingi 1,000 yasiorodheshwe, kijana aliweza kuharibiwa jina kwa mkopo wa simu wa shilingi mia chache. Mtu aliyelelewa hivyo atajifunza nini ila kunyamaza?

Huku Marekani wanakuuliza. Fomu ya SF-86, unayoijaza ili uchunguzwe kwa ajili ya kibali, sehemu ya 26, inataka kujua ya miaka 7 iliyopita: kufilisika, kodi ambayo hukulipa, madeni yaliyopitisha siku 120. Wana sababu nzito. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amebanwa na madeni, na watu waliuawa kwa sababu yake kabla hajakamatwa mwaka 1994.

Hata hivyo, hakuna kiwango kilichowekwa kwamba ukikivuka basi umekwisha. Mwongozo wa kuamua vibali unaotumika tangu Juni 2017 unamtaka mwamuzi aangalie deni lilitokana na nini na wewe ulifanya nini baada ya hapo. Kufutwa kazi, ugonjwa, talaka, biashara kuanguka, yote husikilizwa, mradi uonyeshe kwamba hukukaa tu ukingoja wadai wachoke.

Dada mmoja ninayemfahamu aliomba kibali, akapokea barua ya kutakiwa ajieleze kuhusu madeni yake. Mumewe alikuwa ameugua, bili za hospitali zikalundikana, kadi za mkopo zikafuata. Alipeleka faili: barua za hospitali, mapatano na wadai, na risiti za kila mwezi, nyingine za dola 50 tu. Alipewa kibali. Deni lilikuwa bado halijaisha.

Kijana mwingine alikuwa na deni dogo kuliko hilo, akajaza "hapana" kila mahali. Ripoti yake ya mikopo ikasema vingine, na hapo suala likawa uaminifu, ambalo ni zito zaidi. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Na asikudanganye mtu kwamba deni likishatoka kwenye ripoti kwa kupitwa na muda umelimaliza. Wachunguzi hawahesabu hayo kuwa malipo.

Sasa niseme wazi kuhusu hela tunazotuma nyumbani, maana madeni yetu mengi yanaanzia huko: karo, matanga, hospitali ya mzazi. Fomu inauliza pia kama unamsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Jibu ukweli na uweke risiti. Matibabu ya mama yanaeleweka kwa yeyote. Lakini mkopo uliouchukua kwa hiari yako ukachangie harusi ya binamu ni vigumu kuuita jambo lililokuzidi nguvu, na heri upige simu nyumbani useme mwezi huu sina, hata wakununie.

Kabla hujajaza chochote, chukua ripoti zako za mikopo za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji huku, sheria inakupa bure kila mwaka. Pigia wadai, mwandikiane mpango wa malipo, na uanze kulipa kabla mchunguzi hajakupigia. Barua ya kujieleza ikija, soma tarehe ya mwisho ya kujibu siku hiyo hiyo, kwa kuwa muda wenyewe ni mfupi.