Beta: Kuingia ni Rahisi, Shughuli Ipo Kwenye Kutoka

Kila Juni, Apple wakishaonyesha mfumo mpya wa iPhone, na beta za Android, yaani matoleo ya majaribio yanayotangulia lile rasmi, nazo zikiwa tayari zinazunguka, ubishi unakuwa ule ule. Mmoja anasema weka, acha uoga, mimi ninayo wiki ya tatu na simu haijafa. Mwingine anasema simu ya kazi haichezewi. Na kwa kuwa wa kwanza ndiye mwenye picha za skrini za kutambia, wa pili huishia kuitwa mshamba. Nimewahi kuwa huyo wa kwanza. Leo naandika kumtetea mshamba.

Wenye beta wana hoja, tena nzito. Hitilafu nyingi hazijitokezi mpaka mfumo ukae kwenye simu inayopigiwa, inayochajiwa nusunusu, yenye laini mbili na mtandao wa kupanda na kushuka. Simu ya akiba iliyolala kabatini haigundui kitu. Na kama wanaojaribu wote wako California na Berlin, nani ataona kwamba menyu ya *150*00# inakatika katikati ukituma pesa kwa laini ya pili? Mwaka 2022 Google walipotoa beta ya Android 13, Tecno walikuwa miongoni mwa kampuni zilizoshiriki, kwa hiyo hata simu za madukani kwetu zimo kwenye mchezo. Halafu toleo rasmi nalo si malaika. Septemba 24, 2014 Apple walitoa apdeti ya iOS, mfumo wa iPhone, toleo la 8.0.1, halali kabisa, na wenye iPhone 6 wakajikuta hawana mtandao wa simu wala alama ya kidole haifanyi kazi. Iliondolewa baada ya saa moja hivi. Neno beta lenyewe halina uzito mmoja: Gmail ililibeba tangu 2004 hadi 2009, na watu wakiitumia kwa shughuli zao zote bila kushtuka.

Yote hayo nayakubali. Ila yanajibu swali la kama mfumo utasumbua au hautasumbua, na hilo ndilo swali dogo. Betri ikiisha mapema, utachaji. Kamera ikigoma, utawasha upya. Swali kubwa ni hili: ukishachoka, unarudije ulikotoka?

Kwenye Pixel, simu za Google wenyewe, ukijitoa kwenye beta kabla toleo rasmi halijatoka, simu inaletewa apdeti ya kuirudisha nyuma, na apdeti hiyo inafuta kila kitu. Ukiiacha hapo bila kuigusa, ukasubiri toleo rasmi, unatoka salama. Ukiibonyeza kwa mazoea, umekwisha. Bakapu? Bakapu ya Android ya toleo la juu haikubali kurudishwa kwenye toleo la chini. Kwa iPhone ni hivyo hivyo, bakapu uliyoifanya ukiwa ndani ya beta haiingii kwenye iOS ya zamani, ndiyo maana unaambiwa uweke moja pembeni kwenye kompyuta kabla hujaanza. Apple Watch ndiyo basi tena: ukishaiwekea beta, wewe mwenyewe huwezi kuirudisha.

Mimi niliingizwa na mpwa wangu. "Mjomba, ni kujiandikisha tu, dakika ishirini." Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili programu ya benki ikagoma kufunguka, ikidai kifaa hakiaminiki. Hasira zikanipanda, nikajitoa, apdeti ikaja. Onyo lilikuwepo, tena kwa herufi zinazosomeka. Nikabonyeza. Nilipoichukua tena simu ilikuwa inanikaribisha na kuniuliza lugha, kama imetoka dukani.

Picha zilikuwa mtandaoni, zikarudi. WhatsApp ikarudi. Namba za watu zikarudi. Zilizokwenda ni meseji.

Mtu wa Ulaya ukimwambia umepoteza SMS atakuona hujapoteza kitu. Kwake SMS ni matangazo na namba za kuthibitisha. Kwetu meseji ya muamala ndiyo risiti. Kodi ya miezi sita niliyomtumia mwenye nyumba, ushahidi wake ulikuwa meseji moja: jina lake, kiasi, tarehe, saa, namba ya kumbukumbu. Mchango wa harusi ambao mweka hazina alikuwa bado anasema hajauona, meseji. Usiku ule ule nilikuwa nimenunua umeme wa LUKU na sikuwa nimeingiza tokeni kwenye mita. Tarakimu ishirini zikaondoka na simu, na uniti zilipoisha tukakaa gizani. Tokeni inapatikana tena, najua. Taarifa ya miamala nayo inapatikana: nilikwenda duka la mtandao wangu, nikakaa foleni asubuhi nzima, nikaipata. Lakini asubuhi nzima ya nani? Yangu, mtu wa mshahara, ambaye bosi wake hamkati akichelewa.

Wenye beta watasema huo ni mchango wangu kwa umma, kwamba tunaumia wachache ili wengi wasiumie. Hoja hiyo ingenigusa zaidi kama nisingekuwa nakumbuka Windows ya 2018.

Oktoba 2 mwaka huo Microsoft walitoa apdeti ya Windows 10 iliyoitwa 1809. Siku chache baadaye wakaisimamisha, kwa sababu kwenye baadhi ya kompyuta ilikuwa imefuta mafaili ya watu. Chanzo chake kinachekesha kama si chako. Apdeti iliyotangulia ilikuwa inawaachia folda tupu za ziada wale waliohamishia nyaraka zao mahali pengine. Watu wakalalamika, Microsoft wakasikia, wakaandika msimbo wa kuzifagia. Fagio likapitia na folda za zamani zilizokuwa bado na vitu ndani. Na baadhi ya waliokuwa wakijaribu apdeti hiyo mapema walishaona mafaili yao yanatoweka. Waliripoti, miezi kadhaa kabla. Ripoti zao zikazama kwenye lundo la ripoti nyingine, na apdeti ikatoka.

Microsoft walisema walioripoti kupotelewa ni sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya waliosakinisha. Yaani mmoja kwa elfu kumi. Namba hii nimeigeuza sana kichwani. Ukiwa mtengenezaji, ni ndogo kiasi cha kujipongeza. Lakini hakuna aliyepoteza sehemu moja ya elfu kumi ya mafaili yake. Aliyeangukiwa aliangukiwa na folda nzima. Tena hapo wamehesabiwa waliopaza sauti tu. Na hiyo ni namba ya toleo rasmi, lililokwishachujwa. Anayeweka beta anaingia kabla ya chujio, kwa hiari yake, na kama tulivyoona, anaweza kuumia, akaripoti vizuri, na bado wengine wakaumia vile vile.

Nisiwe mchoyo. Baada ya hapo Microsoft waliongeza kwenye fomu ya kuripoti sehemu ya kueleza tatizo ni kubwa kiasi gani, na 1809 ikatolewa upya Novemba 13. Kwa hiyo sauti zao hazikupotea kabisa, zilichelewa. Mpwa wangu bado anaweka beta, na nadhani anafanya jambo jema. Ana simu mbili. Laini ya pesa iko kwenye ile asiyoichezea. Tofauti yake na mtu mwenye simu moja ni laki kadhaa za kununulia simu ya pili, ujasiri haumo kwenye hesabu.

Karibu na kituo ninaposhukia daladala kuna mama wakala. Simu janja anayo, ya kuangalizia vichekesho wateja wakipungua. Miamala anafanyia kitochi kilichofungwa rababendi kwa nyuma ili betri isichomoke. Nilidhani ni ubahili mpaka siku moja kijana mmoja alipokuja juu, anadai pesa aliyoitoa juzi imekatwa mara mbili. Mama hakubishana. Akashuka na meseji moja moja kwa kidole gumba, akampa kitochi asome mwenyewe. Kumbe kitochi hicho meseji zikijaa hakipokei nyingine, inabidi afute za zamani. Kabla ya kufuta anaziandika kwenye daftari la kaunta, namba ya kumbukumbu kwa wino mwekundu.