Pikapu kubwa za Marekani: injini kwanza, jina baadaye

Mtu aliyekulia Arusha, Mombasa au Bukavu akihamia Marekani na kuanza kutafuta pikapu ya kazi, jicho lake hukimbilia Toyota. Imani hiyo ina msingi wake. Imejengwa na Hilux na Land Cruiser tulizoziona zikipita njia ambazo magari mengine hayathubutu. Ila Tundra, pikapu kubwa ambayo Toyota huiuza Amerika Kaskazini, ni gari jingine kabisa. Inaundwa San Antonio, Texas, na kuanzia toleo la 2022 ile V8 yake (injini ya silinda nane) ya lita 5.7 iliondolewa, nafasi ikachukuliwa na V6 ndogo, ya silinda sita, yenye turbo mbili, yaani vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu. Mei 2024 Toyota ilitangaza wito wa kuyarudisha magari yapatayo 102,000 kwa sababu ya kasoro, yaani Tundra za 2022 na 2023 pamoja na ndugu yake Lexus LX. Chembe za chuma zilizobaki ndani ya injini wakati wa kuichonga kiwandani zilikuwa zikiharibu beringi za kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Injini huanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani, na mwisho huweza kuzima gari likiwa kwenye mwendo.

Waliokuwa na wasiwasi na turbo walipata la kusema: rudini kwenye V8. Aprili 2025 ikaja zamu ya General Motors, wenye Chevrolet na GMC. Kampuni hiyo iliita karibu magari 600,000 nchini Marekani ya miaka ya 2021 hadi 2024, yakiwemo Chevrolet Silverado na GMC Sierra, yote yakiwa na V8 ya lita 6.2 isiyo na turbo hata moja. Kasoro zilikuwa kwenye kranki na konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Yaliyokutwa na dalili mbaya yalistahili kubadilishiwa injini. Yaliyofaulu ukaguzi yalimwagwa oili nyepesi ya 0W-20 na kujazwa nzito zaidi, 0W-40.

Kwa hiyo mjadala wa "Toyota au Chevrolet", na hata ule wa "V8 au turbo", unaanzia mahali pasipo sahihi. Kinachovunjika ni injini fulani ya mwaka fulani.

Hata hivyo, hoja ya wapenzi wa V8 za zamani siipuuzi. Injini kubwa isiyo na turbo hubeba mzigo bila kujikamua sana, joto lake ni dogo, na vitu vya kuharibika ni vichache. Kuna Tundra ya 2007 yenye V8 ya lita 4.7 iliyopita maili 1,000,000 kwa injini ileile iliyotoka nayo kiwandani, mpaka mwaka 2016 Toyota yenyewe ikaichukua ili kuichunguza. Wanaoitaja gari hiyo husahau kusema kwamba ilikuwa ikikimbia safari ndefu za barabara kuu na ilipelekwa sevisi zaidi ya mara 100. Injini hupenda maisha ya namna hiyo. Pikapu inayowaka asubuhi, ikaenda kilomita 3, ikazimwa, kisha jioni ikavuta tela la mashine za kukata nyasi, inaishi maisha magumu zaidi.

Tena V8 nazo zina makaburi yao. Ford iliweka V8 ya lita 5.4 yenye vali tatu kwa kila silinda kwenye F-150 za 2004 na miaka iliyofuata, na plagi zake zilijulikana kwa kukatikia ndani wakati fundi anazitoa. Hemi, V8 ya lita 5.7 ya pikapu za Ram, ina historia ya kulika kwa kemshafti (mhimili unaofungua vali) na tapeti, vile vipande vidogo vinavyopokea msukumo wake. General Motors walipoanza kuzima baadhi ya silinda gari likiwa halina mzigo, ili kuokoa mafuta, tapeti zinazofanya kazi hiyo zikawa ndizo zinazowapeleka wenye magari gereji. Anayesema "V8 haifi" hajawauliza watu hao.

Upande wa turbo una hoja yake ya fedha. Tundra ya zamani ya lita 5.7 ilikuwa ikipata kama maili 15 kwa galoni. Mpya inakaribia 20. Ukitembea maili 15,000 kwa mwaka, hiyo ni galoni 1,000 dhidi ya 750, na petroli ikiwa dola 3 umeokoa dola 750. Nguvu ya kuvuta nayo imepanda. Kwa mtu mwenye waranti ya miaka 5 au maili 60,000 ya injini na gia boksi, hesabu hiyo inaingia akilini. Maili zikishapita hapo, injini moja tu ikifa inafuta akiba ya miaka yote hiyo na kudai zaidi.

Tuwe waadilifu na takwimu pia. General Motors ilikadiria kwamba asilimia 3 tu ya magari iliyoyaita ndiyo yenye kasoro. Ford huuza pikapu za F zaidi ya 700,000 kwa mwaka, hivyo hata kasoro ya nadra itatoa maelfu ya walalamikaji, na kelele zao zitaonekana kama gari zima ni bovu. Wengi wanaendesha pikapu hizi kwa amani. Shida ni kwamba mnunuzi hajui kama yumo kwenye ile asilimia 3, na hapo ndipo hali ya kila mmoja inapotofautiana. Mfanyakazi wa ofisini anayebeba mbao Jumamosi anaweza kusubiri injini wiki sita, mradi apewe gari la muda. Mwenye biashara ya kuhamisha watu nyumba, ambaye pikapu hiyo moja ndiyo ofisi yake, hawezi. Waranti inalipa spea na fundi. Hailipi wateja waliokwenda kwa mwingine.

Kwa huyu wa pili ningesema bila kusita: usinunue injini iliyo katika miaka yake miwili ya kwanza sokoni, hata nembo iwe ipi. Chukua iliyokwisha kujulikana ubovu wake, kisha mwaga oili kila maili 5,000 hata kama kitabu kinakuruhusu 10,000. Kitabu hichohicho cha Toyota, ukikisoma sehemu ya magari yanayovuta tela au kupita kwenye vumbi, kinasema 5,000. Wengi hawafiki ukurasa huo.

Jambo jingine linalopotosha ni kuamini kwamba gari ambalo halikuitwa ni zima. Tundra za haibridi hazikuwemo kwenye wito ule wa 2024, ingawa injini yao ya petroli ni ileile. Sababu ni kwamba injini ikizima, mota ya umeme bado inaweza kulisogeza gari kidogo likatoka barabarani, hivyo hatari ya ajali ni ndogo. Wito kama huo unahusu usalama, hauhusu uimara wa injini.

Na anayenunua mtumba awe macho zaidi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuuza gari jipya lenye wito ambao haujashughulikiwa, lakini haimzuii mwenye yadi kukuuzia gari lililotumika likiwa na kasoro hiyohiyo. Chukua namba ya chasi, ile yenye herufi na tarakimu 17, uiweke kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kabla hujatoa hata dola moja ya utangulizi. Ni bure. Ukikuta kuna kazi haijafanywa, mwambie muuzaji aipeleke kwanza kwa wakala, naye akuletee karatasi.