Gari Imepanda Kibuki

Mwaka huo karafuu zilikubali, nami nikabeba magunia mpaka klachi ya Canter yangu ikasalimu amri. Injini inanguruma, gari yenyewe inajivuta mlimani kama bi harusi anayebembelezwa aingie ndani. Fundi wangu wa Chake Chake, huku kwetu Pemba, akaweka pleti mpya, presha mpya na rilizi beringi. Ili ashushe giaboksi ilibidi kwanza afungue propela, ile shafti ndefu ya uvunguni inayozungusha magurudumu ya nyuma, na mie, kwa kuwa siwezi kukaa bure, nikajitolea kuisafisha. Hilo liwekeni pembeni.

Kurudi nyumbani nikahisi kutetemeka kidogo. Nikajiambia klachi mpya hiyo, itazoea.

Kesho yake nina kazi ya heshima: kupeleka vyombo vya harusi Wete. Kitanda, godoro, kabati la kioo, sufuria kwa dazeni, na juu yake wanawake wa ukoo mzima wakiongozwa na shangazi yangu. Mlima wa kwanza nikasimama kupisha gari ya ng'ombe. Naachia klachi kuondoka, gu-gu-gu-gu! Vifuniko vya sufuria vikaanza ngoma yao, kioo cha kabati kikalia, na vigelegele vikatoka vimekatikakatika: "Yu-yu-yu-u-u-lahaula!"

Shangazi akapiga paa la kebini kwa kiatu. "Simamisha!"

Nikasimama. Injini ikatulia, kimya, adabu tupu. Shangazi akashuka, akaizunguka gari, akatoa hukumu:

"Mwanangu, gari hii imepanda kibuki." Yaani ina pepo.

Chetezo kilikuwamo kwenye vyombo, udi pia, na makaa akayaomba nyumba ya jirani. Akafukiza boneti, akafukiza matairi, kisha akainamia taa ya mbele akauliza kwa upole: "Haya, sema. Wataka nini?"

Gari kimya.

"Kimeshuka. Twende."

Naachia klachi: gu-gu-gu-gu! "Kimepanda tena!" wakapiga kelele huko nyuma, na wawili wakaruka chini, wakasema Wete watakwenda kwa daladala.

Tulifika, kioo kizima kwa rehema ya Mungu. Mie moja kwa moja kwa fundi, na maneno niliyomwambia siyaandiki hapa. Maskini akashusha giaboksi mara ya pili. Pleti kavu, haina tone la oili. Flaiwili haikuungua. Mpira wa mauntingi mzima. Akabaki anakuna kichwa.

Palikuwa na mzee, dereva wa zamani wa malori, anakunywa kahawa yake barazani. Akauliza bila kugeuka:

"Ukishaachia klachi yote, inaacha au inaendelea?"

"Inaendelea, mzee. Nikizidisha mwendo, yazidi."

"Na ikisimama, ukaipigisha resi?"

"Hata haitikisiki."

"Basi klachi mwaionea. Pleti ikiwa na mafuta hutetemesha pale unapoachia tu, ikishashika, basi. Tazameni propela."

Fundi akaingia uvunguni na tochi. Propela hiyo ina vipande viwili vinavyochomekana kwa meno, na masikio yanayoshika krosi, kile kiungo cha kupindia, ya mwisho huu na mwisho ule lazima yalale sambamba. Yetu yalikuwa yamepishana, moja linatazama kibla, jingine linatazama kwao.

"Lakini nilipiga alama ya chaki!" sauti ya fundi ikatoka chini. "Vipande vyote viwili! Chaki yangu iko wapi?"

Hapo nikajishughulisha na kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Maana ile propela niliichomoa katikati nisafishe na meno yake, nikaisugua kwa dizeli na brashi ya waya mpaka ikang'ara, kisha nikairudisha nilivyoona imependeza.

Kuiweka sawa hakukufika nusu saa. Ujira wa kushusha giaboksi mara ya pili nililipa wote, na fundi hakunipunguzia hata shilingi.

Wiki ya pili nikampakia shangazi. Gari ikaondoka laini, mlimani hivyo hivyo. Akanigeukia, kidevu juu.

"Waona? Udi ule wa Oman."

"Naona, shangazi," nikasema, nikatia gia ya pili.